Sista Taratibu Anatua Bomba la Sindano

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, ishirini katika wodi ya majeraha ya moto na kumi na minne katika kliniki ya makovu, muuguzi mkuu wa chumba chetu cha upasuaji anastaafu rasmi tarehe thelathini ya mwezi huu. Jina lake la kwenye kitambulisho lipo, na ni zuri, ila hakuna anayelitumia. Hata mkurugenzi, siku alipomtambulisha kwa wageni, alianza vizuri na cheo chake, akafika kwenye jina, akakwama, akasema "Sista Taratibu." Wageni wakaandika hivyo hivyo.

Jina hilo alijibatiza mwenyewe bila kukusudia. Ndilo neno lililomtoka mara nyingi kuliko salamu. Taratibu na hicho kitanda, kina mtu. Taratibu na huo mlango, una bawaba. Na ukipita koridoni unasukuma troli kwa fujo, utasikia kutoka chumba cha tatu: "Taratibu, baba! Wagonjwa hawaendi popote, wewe unamkimbilia nani?" Tuliokuwa tukisukuma troli tulijifunza kutambaa.

Alianza kazi akiwa binti mwembamba, jambo ambalo picha moja tu inathibitisha na yeye mwenyewe anaikana. Walimpeleka wodi ya majeraha ya moto kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Kazi kubwa ya wodi ile, kwa wasioijua, ni kubadilisha bandeji, na bandeji iliyogandia kwenye kidonda haitoki bila ugomvi. Wengine walikuwa wakisema "funga macho" halafu wanavuta. Yeye alikuwa akilowesha, anakaa, anapiga soga, analowesha tena. Zamu yake ilichelewa kuisha kila siku, na wenzake walimlalamikia kwa msimamizi. Msimamizi alikwenda kusikiliza mlangoni ili amkemee vizuri. Akasikia kimya. Katika wodi ile, saa ile ya bandeji, kimya kilikuwa kitu kigeni, na msimamizi aliondoka bila kukemea mtu.

Kilichomsumbua Sista miaka yote hiyo hakikuwa kidonda. Kidonda hupona. Ni kile kinachokuja baada ya kidonda. Mtu anaruhusiwa, anaaga, anapunga mkono, halafu baada ya miezi anarudi na mkono haupungi tena. Kovu limekuwa gumu, limegandia nyama iliyo chini yake, linavuta shingo, linavuta kope, linawasha, linauma wakati wa baridi. Enzi hizo tulimpa mafuta ya kupaka, tukamwambia asugue, na tukamwongezea kile ambacho hospitali haijawahi kuishiwa, yaani pole.

Kisha akaja daktari wetu wa upasuaji, ametoka masomoni, na jambo jipya la kueleza. Aliwakusanya wauguzi akasema kwamba mafuta ya mgonjwa mwenyewe yanaweza kutolewa mahali alipojaliwa, tumboni, pajani au kiunoni, kwa mrija mwembamba, yakasafishwa, kisha yakarudishwa kidogo kidogo chini ya kovu lake. Yakishika, kovu hulainika, ngozi huanza kuteleza juu ya nyama kama inavyotakiwa, na mara nyingi maumivu hupungua. Sista alimsikiliza mikono kiunoni hadi mwisho.

"Kwa hiyo, Daktari, mafuta yanatoka tumboni?"

"Ndiyo, Sista."

"Na hayarudi tena tumboni?"

"Hayo hayarudi."

"Basi mimi niandike wa kwanza. Kovu nitalitafuta."

Hivyo ndivyo kliniki ilivyofunguliwa. Habari zilipotoka mtaani zilitoka nusu, nusu ya mafuta bila nusu ya makovu, na kwa majuma kadhaa benchi letu lilijaa watu wenye afya tele. Mmoja ni fundi seremala aliyeingia ameshika tumbo kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba sinia. Kovu alikuwa nalo, kweli, chini ya kidevu, la wembe. Sista alilitazama kwa heshima zote.

"Baba, kovu lako linataka kijiko cha chai. Hilo jingine utaondoka nalo."

Seremala akauliza kama yaliyobaki hawezi kumpa mtu mwenye shida. Hawezi. Mafuta ya mtu ni ya mtu, mwili wa mwingine hauyapokei. Sista aliwaeleza hivyo watu wengi na kwa subira, na kila mara kwa huzuni kidogo, maana aliona mali nyingi ikitoka mlangoni bila kazi.

Tena alikuwa mkali kwa wanaoahidi makubwa. Mgonjwa akiuliza kama kovu litafutika, alijibu kabla daktari hajafungua mdomo. "Hatufuti hapa. Wa kufuta ni mwalimu na ubao wake. Sisi tunalainisha." Akaongeza kwamba sehemu ya mafuta hunywewa na mwili, hivyo wengine hulazimika kurudi mara ya pili, hata ya tatu, na kwamba wapo ambao haikuwasaidia kiasi walichotarajia. Wagonjwa walimwamini zaidi kwa sababu ya maneno hayo ya kuvunja moyo.

Ndani ya chumba cha upasuaji kazi yake ilikuwa ile ya katikati, kati ya kutoa na kurudisha. Daktari akishatoa mafuta, Sista aliyapokea ndani ya mabomba ya sindano, akayasimamisha wima kwenye kishikio cha chuma, akayafunika, akangoja. Yakitulia hugawanyika yenyewe. Juu hukaa mafuta yaliyoyeyuka, chini maji na damu, na katikati ndiyo mafuta mazima yanayotakiwa. Mashine ya kuyazungusha tunayo, naye aliitumia ilipobidi, kwa uso wa mtu anayemruhusu jirani kumpikia. Madaktari wanafunzi walikuwa wakigonga vidole mezani. Sista hakuwatazama. Muda huo wa kungoja aliutumia kuongea na mgonjwa, ambaye mara nyingi yuko macho na ganzi ya sehemu ile tu, na mazungumzo yenyewe hayakuhusu mafuta hata kidogo. Mumeo mlikutana wapi? Mama mkwe anaishi kwenu au anakuja tu? Nani alisema hivyo, yeye au dada yake? Daktari wetu anakiri kwamba mambo ya ndoa za watu wa mji huu aliyajulia pale, sindano mkononi, na hajawahi kumwambia mtu.

Daktari mwenyewe si mtu wa haraka. Anarudisha mafuta uzi kwa uzi, anaingiza mrija, anaacha tone wakati wa kuuchomoa, anaingiza tena pembeni kidogo. Ndiyo maana hao wawili wamefanya kazi pamoja miaka kumi na minne bila kununiana zaidi ya mara mbili, na mara zote mbili chanzo kilikuwa redio.

Mafanikio yapo mengi. Tukiyataja yote, chakula cha Jumamosi kitapoa. Tutataja moja, la mwaka jana, kwa sababu lilianza kwa kosa kubwa, na kosa lilikuwa la Sista mwenyewe, naye ametuomba tusiliseme.

Alikuja msusi. Dada wa miaka thelathini na kitu, mwembamba wa kuzaliwa, kazi yake kusuka rasta saluni. Ukimaliza kusuka rasta unachovya ncha zake kwenye maji yanayochemka ili zisifumuke, na siku moja beseni la maji hayo lilimmwagikia juu ya mkono wa kulia. Alitibiwa, akawekewa ngozi, akapona. Kovu likagandia mgongo wa kiganja, juu ya kano zinazovuta vidole. Kichana alishika. Mlango alifungua. Lakini kubana kipande kidogo cha nywele kwa ncha za vidole, akakipitisha chini ya kingine, akavuta, hapo vidole viliishia njiani.

Mwenye saluni alimvumilia. Alimweka mapokezi kwanza, kupokea simu. Katika saluni, kiti cha msusi ni kama kiwanja cha nyumba. Ukikiacha wazi, mtu anajenga. Msusi wetu alikuwa na kiti kilekile tangu alipokuwa mwanafunzi wa kazi, karibu na dirisha, na wateja waliomfuata hapo.

Mara ya kwanza daktari alimbana tumboni akapata ngozi. Akambana pajani akapata ngozi na msuli. Aliyemsindikiza ni shangazi yake, mama mkubwa wa mwili na wa sauti, aliyeona shida iko wapi kabla hajaelezwa.

"Si mchukue yangu? Ninayo ya mtaa mzima."

"Mwenzangu," Sista akamjibu, "ingekuwa ruhusa ningeanza na wewe leo hii, na kesho uje tena."

Walikwangua pale na pale, upande wa ndani wa magoti, juu ya nyonga, wakapata kidogo. Mkono ukalegea, vidole vikakaribia kukutana, shangazi akapiga kigelegele kliniki hadi mlinzi akaja. Halafu mwili ukanywa sehemu yake, kilichobaki hakikutosha, na kovu likaanza kukaza upya.

Siku aliyorudi kuonyesha, hakulilia mkono. Alililia kiti. "Mwenye saluni amemweka binti mwingine pale, Sista. Anasema ni wa kushikilia tu. Amenipa mpaka msimu wa shule kufunguliwa. Wakati huo wateja wanajaa mpaka nje, hawezi kukaa na kiti cha kutazamwa kama picha." Msimu wa shule ulikuwa haujafika, lakini haukuwa mbali, na mkono ukishatiwa mafuta unahitaji miezi kadhaa kutulia. Daktari alisema raundi ya pili inawezekana endapo mgonjwa atakuja na kitu cha kutoa. Sista akamwinua kidevu.

"Nenda nyumbani ule, mwanangu. Urudi umenenepa. Hii ndiyo dawa ambayo wengine wanaitafuta wananyimwa."

Zikaanza wiki za kulisha. Shangazi alileta mabakuli kliniki kila siku ya miadi, mayai, parachichi, karanga, maziwa mazito, viazi vya kukaanga, na Sista aliketi mbele ya mgonjwa kama askari wa zamu hadi bakuli lionekane chini. Kila Jumatatu mizani. Na kila Jumatatu mizani ilisema jambo lilelile. Sista akamwita fundi aipime mizani. Fundi akasema nzima. Hakuamini, akapanda mwenyewe, akashuka haraka, akasema basi ni nzima.

Akahamia kumshuku shangazi, ambaye mashavu yake yalikuwa yanazidi kung'aa. Shangazi hakukana.

"Naonja. Chakula cha mgonjwa lazima kionjwe."

"Unaonja bakuli zima?"

"Nikionja juu tu nitajuaje chini kukoje?"

Shangazi akapigwa marufuku ya kuonja. Mizani haikusogea. Wiki zilikuwa zinapita, na binti wa kushikilia kiti, tulisikia, ameshabandika kioo chake cha mapambo ukutani.

Siku moja lifti ikafa, kama kawaida yake, na Sista akalazimika kupanda ngazi. Kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili akakutana na msusi wetu anashuka mbio, jasho linatiririka, na nyuma yake mtaalamu wetu wa mazoezi ya viungo, Bwana Nyoosha, filimbi shingoni, anahesabu kwa sauti.

"Unafanya nini hapa?"

"Mazoezi, Sista."

"Ya mkono?"

"Ya ngazi."

Sista akamgeukia Bwana Nyoosha, na wodi nzima ya juu ikatoka kuegemea reli.

"Baba, mimi naweka, wewe unatoa?"

"Sikuambiwa kama unaweka, Sista. Mimi kila mgonjwa wangu anapanda ngazi. Damu lazima izunguke."

"Hukuona mabakuli ya shangazi yake?"

"Niliona. Nikaona huyu dada anakula sana. Ndiyo maana nikamwongezea ghorofa."

Kwa miaka yote ya kliniki Sista alikuwa ameamini kwamba kazi ya chumba cha mazoezi, kwa mgonjwa wa mkono, inaishia kwenye kiwiko. Na Bwana Nyoosha alikuwa ameamini kwamba chakula kinachoingia kliniki ni cha wauguzi. Vyumba vyao vinatazamana. Sista alikaa chini pale pale kwenye ngazi, akacheka hadi Bwana Nyoosha akamshika mapigo ya moyo. Msusi hakucheka. Alikuwa amesimama ameshika reli kwa mkono wa kushoto, anatazama ghorofa alizopanda bure, na alipouliza, aliuliza polepole: "Sasa muda si umeisha?"

Kicheko cha Sista kiliishia hapo. Kwenye kikao cha asubuhi alisimama akasema kosa ni lake; alitoa amri bila kuuliza wenzake wanafanya nini, na mgonjwa amelipia kwa miguu. Tangu siku hiyo mgonjwa mpya wa kliniki ya makovu hukutana na muuguzi, daktari na mtu wa mazoezi katika chumba kimoja, kwa pamoja, siku ya kwanza. Wageni wanaotutembelea huusifu sana utaratibu huo na kuuliza umetokana na utafiti gani. Huwa tunajibu kwamba ni utafiti wa ndani.

Bwana Nyoosha naye alijirekebisha kwa bidii ileile aliyokosea nayo. Miguu ikapumzishwa kabisa. Msusi akatakiwa aje kwa gari na aketi. Vidole tu ndivyo vilivyofanya kazi. Alifunga nyuzi tatu nene za sufi kwenye mgongo wa kiti, akamwambia asuke anavyoweza, hata vibaya, afumue, asuke tena. Shangazi akaleta mabakuli mawili, moja la mgonjwa na moja la kuonja. Mizani ikaanza kusogea. Msusi akalalamika sketi hazifungi. Sista alisema hajawahi kusikia lalamiko zuri namna hiyo.

Ni wakati huo huo Sista alipotakiwa kuanza likizo zake zilizolimbikizana. Alikuwa amekata tiketi ya kwenda kwa binti yake mkubwa kumwona mjukuu wake wa kwanza. Akairudisha tiketi. Binti akapiga simu, tukamsikia Sista koridoni: "Ameota jino? Mwambie la pili linisubiri." Alikuwa anajua ni akina nani watasimama kwenye kile kishikio cha chuma kama yeye hayupo, na walikuwa bado hawajaiva.

Raundi ya pili ilifanyika na msusi akiwa macho. Safari hii mapaja yalitoa, kiuno kikatoa. Mabomba yakasimamishwa, yakafunikwa. Daktari mwanafunzi akauliza kama si bora kuyatumia hivyo hivyo kwa kuwa mgonjwa ana haraka. Sista alimsogezea kiti. Kisha akafunua. Tabaka la katikati lilikuwa limekaa vizuri, rangi ya siagi, nene.

"Naomba nione," msusi akasema. Akaonyeshwa. "Hayo ndiyo maparachichi ya shangazi?"

"Ndiyo hayo. Ya ngazi hayamo."

Daktari alichomoa mrija, akarudi nyuma hatua moja. "Mkinichekesha nitamtoboa. Nyamazeni wote wawili." Akangoja mabega yake yatulie ndipo akaendelea. Alikata kwanza nyuzi zilizolishikilia kovu kwa chini, kisha akatandika mafuta uzi kwa uzi kati ya ngozi na kano, muda mrefu, hadi mgongo wa kile kiganja ukainuka.

Alipokuwa anamfunga bandeji Sista alimpa onyo analowapa wote. "Huo mkono sasa una mgeni kutoka pajani, na tabia zake hajaziacha. Ukinenepa sana, naye ananenepa. Ukikonda, anakonda. Basi kaa hapo hapo ulipo."

Mkono ulivimba kama mkate wa kumimina. Shangazi alidhani ndio umepona, akaanza kigelegele, akanyamazishwa. Uvimbe ukapungua. Safari hii kovu halikukaza. Bwana Nyoosha alilifinya kila wiki, akalisogeza huku na huku, likasogea. Vidole vikarudi kwenye nyuzi za sufi, na kidogo kidogo zile nyuzi zikaanza kufanana na kitu.

Lakini nyuzi za sufi hazina kichwa, hazisemi "basi" wala "bado". Shule zilikuwa karibu kufunguliwa na msusi hakuthubutu kurudi saluni kujaribu kwenye kichwa cha mteja. Hapo ndipo Sista alipochukua kigoda, akakiweka katika chumba cha kubadilishia nguo, akavua kofia ya upasuaji, akaketi. Nywele zake ni ngumu, fupi, nusu mvi. Wasusi wanaojua kazi huzikimbia.

"Anza."

"Sista, nitakuharibu."

"Mimi nastaafu. Uzuri ninaopoteza ni wa nani?"

Mstari wa kwanza ulichukua muda ambao kwa kawaida anamaliza nusu ya kichwa. Ulitoka kwenye paji la uso, ukaenda vizuri, ukafika karibu na sikio ukapinda ghafla kama barabara inayokwepa shamba la mkubwa. Vidole vikachoka. Akapumzika, akalia kidogo, akaendelea. Bwana Nyoosha, ambaye kichwa chake kinang'aa kama sahani, alichungulia kutoa ushauri. "Wewe toka," Sista akamwambia, "huna hisa katika mambo haya." Mstari wa pili ukapinda kidogo. Wa tatu ukanyooka. Ikawa kimya humo ndani, tukadhani Sista amesinzia.

Ghafla ukapigwa ukelele uliosikika hadi famasi. Tulikimbia, wengine na vifaa mkononi. Tulimkuta Sista amesimama, machozi yanamtoka, ameshika kisogo, na msusi amekwama nyuma yake na mkono bado hewani.

"Nimebana?" msusi aliuliza. "Sista, nimebana kweli?"

"Umebana, mwanangu," Sista alisema huku anajipangusa macho. "Nyusi zimehama. Hebu kaa hapa kidogo nipumue, halafu ubane tena hivyo hivyo."

Wote mnaosukwa mnajua maumivu yale ya mstari uliovutwa na mkono wenye nguvu. Pengine hakuna mtu aliyewahi kuyafurahia kama yalivyofurahiwa siku hiyo.

Alimaliza kichwa alasiri. Siku chache baadaye alikwenda saluni, na aliyeketi mbele yake wa kwanza ni mwenye saluni mwenyewe, hakutaka kusimuliwa. Aliinuka na macho yaliyovutika, akamwambia yule binti asogeze kioo chake kiti kinachofuata. Kidole kidogo cha msusi bado kina kiburi, hakifungi chote, na kovu lipo, mtu akilitafuta analiona. Kusuka anasuka. Na ule mstari wa kwanza uliopinda, Sista amekataa usifumuliwe. Msusi amekuja mara mbili kumrekebishia kichwa. Mara zote mbili mistari mingine imefumuliwa na kusukwa upya, ule umebaki na kona yake.

Kuhusu kishikio cha chuma, sasa wapo wauguzi wawili walioiva. Wiki iliyopita walifanya kazi yote wenyewe na Sista alikaa pembeni, amekalia mikono yake ili isiwasaidie. Mmoja alipofunua mabomba kabla ya wakati, mwenzake aliyafunika tena bila kuambiwa. Sista alitoka nje akaenda kunywa chai, na kwa mara ya kwanza tangu tumjue aliinywa ikiwa bado ya moto.

Kwa niaba ya wodi, kliniki, chumba cha upasuaji, famasi iliyosikia ukelele, na sisi tunaosukuma vitanda, tunasema asante. Asante kwa bandeji zilizotoka bila kelele. Asante kwa kuwaambia wagonjwa ukweli na bado wakaondoka wanacheka. Tunamwomba binti yake mkubwa atupokelee, maana meno ya mjukuu sasa ni manne na yote yamechoka kusubiri. Magoti yako, Sista, yakubebe umbali wote unaotaka, usingizi wako usikatishwe na simu ya mtu yeyote wa hapa, na siku zako za mapumziko ziwe nyingi na zenye wasaa.

Wageni waliothibitisha kuhudhuria sherehe ya Jumamosi ni wengi, akiwemo seremala, ambaye tumbo analo bado, na shangazi, ambaye ameomba kuonja chakula kabla hakijapakuliwa. Asiyekuja ni mmoja. Msusi alimpigia Sista jana kuomba radhi. Shule zinafunguliwa tena Jumatatu, alisema, na Jumamosi kiti chake kina watu tangu asubuhi, wengine wameketi hadi nje kwenye ngazi. Sista alisikiliza, akakata simu, akatupitia mmoja mmoja koridoni kututangazia, kwa furaha ambayo waliothibitisha kuja hawakuipata, kwamba dada yule hana nafasi.